Kata, Bloku, Nenda Kapike

Mie ni mtu wa maoni, sikatai. Pale Mwenge kwenye vinyago tuko wachongaji kumi na mmoja, na ukiuliza nani anapigaga simu redioni kila asubuhi, watakuonyesha mie, Deogratias, mzaliwa wa Newala. Mtangazaji akisikia sauti yangu tu anaanza kucheka. "Haya, mzee wa vinyago, leo unalalamikia nini?"

Nilikuwa nalalamikia kila kitu. Simu za kupangusa, ugonjwa mtupu. Mie na kitochi changu, betri siku nne, basi. Filamu za Kikorea zilizotiwa Kiswahili, mwanamume mzima na ndevu zake anamlilia binti wa Kikorea, jamani! Singeli mpaka kwenye kipaimara. Na matapeli ndiyo usiseme. Wanakupigia wanalia, eti mwanao kashikwa, mwanao kapata ajali. Siku hiyo nilifoka redioni mpaka mate yakanitoka. "Serikali ifunge laini zote zisizo na alama za vidole! Tunaogopa nini? Na nyie wananchi, namba usiyoijua ikikupigia mtu analia, usimsikilize. Kata, bloku, nenda kapike!"

Watu waliupenda ule msemo. Redio wakaukata na sauti yangu hiyohiyo, wakawa wanaurusha kila siku kabla ya taarifa ya habari. Nikatembea kifua mbele mtaani.

Sasa sikiliza. Nina mtoto mmoja tu, Editha. Alipokuwa na miaka sita alipotea Kariakoo, saa tatu nzima, mie na marehemu mama yake tumechanganyikiwa. Tulipompata nilimfundisha namba yangu ya simu kwa kuiimba, mpaka akawa anaiimba akiwa anaoga. Nikamwambia, "Ukipotea popote, mwombe mtu simu, piga hapa, baba atakuja kukuchukua." Ndiyo sababu sikuwahi kuibadilisha ile namba, miaka kumi na saba.

Mwaka juzi alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Siku ya kwanza tu bosi akamnyang'anya simu. Akawa ananipigia Jumapili kwa simu za kuazima, leo ya mpishi, kesho ya dereva, na kichwani hakuwa na namba nyingine zaidi ya yangu. Mara ya mwisho aliongea kwa kunong'ona. "Baba, hapa si pazuri. Nikipata upenyo nitakupigia uje unitoe." Nikamjibu, "Namba ipo, mwanangu. Sibanduki."

Tangazo la kufunga laini likatoka kweli, nami nikashangilia kuliko wote. Nikaenda kusajili siku ya mwisho, si unajua watu wa maoni tulivyo. Wakala alikuwa binti mmoja anaitwa Mauwa, anakaa chini ya mwamvuli karibu na kituo.

"Shikamoo baba. Weka kidole gumba."

Nikaweka. Mashine ikakataa. Tukajaribu vidole vyote kumi, mkono ukafutwa, ukaoshwa, ukafutwa tena. Wapi! Mauwa akanigeuza kiganja akakitazama.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Nachonga mpingo. Miaka arobaini."

"Msasa umekula vidole vyako. Havina mistari."

"Mashine yako mbovu!" nikamfokea, na yule mtoto hakuwa na kosa lolote. Mtu kwenye foleni akadakia, "Si wewe mzee wa redioni uliyetaka zifungwe?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Kesho yake laini yangu ikazimwa.

Romani, mchongaji mwenzangu, akaniambia ninunue laini nyingine kwa jina lake. Ya nini? Editha ataijuaje? Mauwa ndiye aliyenionea huruma. Akaniambia niache msasa, nipake mafuta ya nazi, mistari itarudi. Nikaacha kazi. Nikawa nakula kwa Romani kama mgeni asiyejua kuaga, na kila Jumatatu naenda mwamvulini, mashine inakataa. Kila Jumapili ikifika nauona ule mchana unapita na kitochi kimenyamaza mezani.

Mwezi wa saba kidole gumba kikasoma. Nilimkumbatia Mauwa mbele za watu! Yeye akabonyeza, akasoma, uso ukambadilika. "Baba, pole. Hii namba imeshapewa mtu mwingine."

Nikaipigia kwa simu ya Romani. Akapokea mwanamke, Mwanabaraka, mama lishe wa Kipawa. Nikamwambia nina shida, akanielekeza kwake. Nilimkuta anakaanga samaki. Akanipa kigoda, akanipa maji, nikamuuliza kama kuna binti aliwahi kupiga.

"Yule! Alinisumbua huyo, baba. Namba za nje, leo hii, kesho ile, sauti ileile. Analia, 'Baba, mie Editha, njoo unichukue.' Nikamwambia umekosea. Akasema hajakosea, akaanza kuniimbia namba yangu yote mpaka mwisho. Nikaogopa, nikasema hawa sasa wamekuja na mbinu mpya." Akageuza samaki. "Nikafanya kama anavyosema yule mzee wa redioni. Nikakata, nikabloku, nikaenda kupika."

Sikumwambia yule mzee ni nani. Nilimwambia tu kwamba Editha ni mwanangu, naye akashika kichwa, "Yallah, baba, nisamehe," mikono imejaa unga.

Akazifungua namba zote tatu alizokuwa amezizuia, akanipa simu nipige. Ya kwanza haikupatikana. Ya pili alipokea mwanamume, akasema maneno ya Kiarabu, akakata. Ya tatu akapokea mwanamke anayeongea Kiswahili cha kwetu, kama mtu wa Tanga.

"Editha?" akasema. "Alikuwa anaazima simu yangu. Walimtoa nyumba ile kabla ya Ramadhani, sijui walimpeleka wapi. Siku za mwisho alikuwa halii tena."

"Alisema nini?"

"Alisema baba yake amekufa. Kwamba angekuwa hai asingeiacha ile namba ichukuliwe na mtu. Wewe nani?"

Nikaanza kulia. "Mie ndiye baba yake," nikasema, "mie ndiye, dada yangu, nisaidie..."

"Matapeli wakubwa nyie! Mpaka maiti?"

Akakata. Nikapiga tena hapohapo. Haikuita.