Unga wa Kusomea Barua

Mpishi alikuwa ameomba ruhusa mara tatu, aende kwao ili binti yake ajifungue naye akiwepo. Mara zote bibi mwenye nyumba, Mwitalia aliyezeekea ugenini, alimjibu neno moja.

"Siku utakayonipikia tambi kama za mama yangu, ndiyo siku nitakayokupa pasi yako."

Pasi ya kusafiria ilikuwa kabatini, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa bibi. Basi mpishi akajifunga kibwebwe. Unga na mayai, akakanda hata mabega yakalia. Bibi aliuinua unga uliosukumwa, akautupa.

"Hili blanketi! Unga wa mama yangu, ungeweka barua chini yake ukaisoma."

Jumapili moja mpishi aliutandaza unga juu ya barua ya binti yake, akaisoma bila taabu: Mama, fanya haraka.

Akakata, akachemsha, akamwagia rojo la nyanya. Bibi akala mpaka machozi yakamdondoka.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Ndiye hasa."

"Ahadi ni deni, bibi. Naomba pasi yangu."

"Mwanangu, miaka arobaini sijaonja ladha hii. Nikikuachia leo, nani atanilisha?" Akasukuma sahani mbele. "Niongeze."

Kesho yake mpishi alikusudia kuziharibu tambi, bibi amchoke amwachie. Lakini mikono ilikuwa imeshazoea. Unga ulitandaa mwembamba kama ganda la kitunguu, na mezani bibi alikuwa ameshashika uma.