Picha ya Kutangulia Jeneza

Mama Lornah wa Kisian alikuwa na neno moja tu: akifa, jeneza lake lisitanguliwe na picha ya kitambulisho. Mumewe alizikwa hivyo. Waliikuza picha ndogo ya kitambulisho chake mpaka ikabaki ukungu mtupu, na yeye mkewe hakumtambua. Basi akamwita Ondiek, mpiga picha wa mjini Kisumu, aje ampige angali hai.

Mwanawe Opiyo hakutaka kusikia.

"Mama, picha ya matanga unapigwa ukiwa mzima? Si ni kuita kifo hiyo?"

Akaketi mlangoni, akampa mama yake mgongo.

Ondiek alizionea fahari taa zake. Chini ya taa hizo kila bibi arusi wa mtaa wa Milimani alitoka laini kama yai. Alipiga picha moja, akamwonyesha mama.

"Huyu ni nani sasa?" mama akauliza. "Mimi nimezaa saba, bwana. Hizi kunyanzi zangu umepeleka wapi?"

Ondiek akazima taa zake, akazima na balbu ya chumbani, kisha akafungua pazia zito ambalo lilikuwa halijaguswa siku nyingi. Akamkalisha mama ubavuni mwa dirisha, akatandika shuka jeupe kwenye kiti cha pili ili mwanga urudi shavuni. Mwanga wa saa nne asubuhi ukaingia bila fujo, ukashika paji la uso, ukateremka. Ndipo Ondiek alipoona mashavu yaliyobonyea na shingo iliyobaki mishipa. Mama huyu alikuwa mgonjwa, tena si wa jana. Moyo ulimuuma, akatamani kuwasha taa zake tena amfiche.

"Piga," mama akasema. "Najua unachoona."

Akapiga. Opiyo naye, udadisi ukimshinda, akaja kuchungulia kioo cha kamera. Kisha akamgeukia mama yake pale dirishani, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama, umeisha hivi tangu lini?"

"Tangu mvua ndefu, nyathina, mwanangu. Wewe unakuja jioni, unasalimia, unakula, unaenda."

Opiyo, mtu mzima mwenye watoto wanne, akalia kwa aibu. Mama akamvuta mkono, akamketisha juu ya lile shuka.

"Bwana Ondiek, tupige na huyu. Haraka, kabla hajajipangusa uso."