Mkono wa Kwanza Ukauke

Kwa kupuliza rangi magari, hakuna aliyemfikia Mng'aro. Mlango wa gari ukitoka mikononi mwake, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Na kwa dawa za virusi vya UKIMWI alikuwa vivyo hivyo: kila jioni kidonge chake, na maji aliyoletewa na mkewe. Damu ikawa safi hata nesi akawaambia virusi havionekani, hawezi kumwambukiza mke. Wakaacha kinga, maana walitaka mtoto. Sasa tumbo la mkewe lilikuwa limeanza kuonekana.

Unga wa kulevya aliuleta shemeji, kaka wa mkewe, aliyeshona viti vya magari karakana moja na Mng'aro na kumeza kidonge kile kile. Jumamosi kazi ikiisha, wawili hao walishusha pazia la nailoni kwenye chumba cha kupulizia, wakavuta.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shemeji alisema huku akicheka. Huyu mgeni, jamani, alikuja kumla mwenyeji.

Tena walijiona waangalifu! Mpiga rangi yeyote anajua: mkono wa kwanza wa rangi ukauke ndipo upulize wa pili, la sivyo rangi itafura malengelenge. Basi Mng'aro na shemeji wakaamua kidonge kisubiri mpaka unga ukauke mwilini. Jumamosi Mng'aro alikunywa maji ya mkewe, kidonge kikabaki mfukoni. Jumapili pia. Baadaye hata Jumatatu, kichwa kikiwa kizito. Kumbe kilichokuwa kikikauka ni kinga yake.

Shemeji akaanza kukohoa. Wakasingizia harufu ya tina ya kuchanganyia rangi. Suruali ya Mng'aro ikawa inashikiliwa na mkanda tu, akasingizia kazi. Ukitaka kujidanganya hukosi msaada.

Siku ya kliniki mkewe alimsindikiza. Nesi aliyatazama majibu, akayatazama tena.

"Baba, virusi vimerudi, na vimerudi vingi. Dawa unameza?"

"Nameza, nesi."

"Kila siku?"

Hapo ndipo mkewe alipoingilia kati, amekasirika kwa niaba yake.

"Dada, maji nampa mimi mwenyewe kwa mkono huu! Mume wangu hajaruka hata siku moja."

Macho ya nesi yakashuka kwenye tumbo la mke, na Mng'aro akayaona yanavyoshuka. Alitamani kusema. Neno moja tu lingetosha.

"Basi mama," nesi alisema taratibu, akivaa glavu, "njoo na wewe nikupime."

"Mimi? Mimi sina shida," mkewe alijibu, akikunja mkono wa gauni. Akamgeukia mumewe, akatabasamu. "Usiogope, baba. Huyu ananilinda, nesi, hujui tu."