Mguu wa Kushoto

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na wangeongeza: wala asisome moyo wa mamake. Lakini daktari wa moyo alikuwa peke yake zamu ile, na aliyeletwa na kizunguzungu, akalazwa na nyaya kifuani, mikononi na miguuni, alikuwa mama yake mzazi.

Karatasi ya mapigo ya moyo ilitoka mashineni imechafuka. Mawimbi makubwa yalikimbizana bila kupumua.

"Daktari, moyo unaenda mbio vibaya," nesi alisema. "Nichome ile dawa?"

Dawa yenyewe haina mzaha: moyo mgonjwa huutuliza, ulio mzima huweza kuuangusha. Daktari akajilazimisha kufikiri. Mshipa umeziba? Chumvi za damu zimevurugika? Kovu la zamani? Aliogopa, tena sana.

Ndipo akautazama mstari wa kwanza. Huo husoma mikono miwili tu, na ulikuwa shwari, mapigo yamepangana. Vurugu yote ilikuwa kwenye mistari inayopitia mguu wa kushoto.

Mama alikuwa fundi cherehani, na alikanyaga kwa mguu huo peke yake. Wa kulia, alizoea kusema, ni wa kwendea sokoni. Daktari alipokuwa mtoto, waliishi wawili katika chumba kimoja. Binti alilala chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa, na mlio wa kanyagio ndio uliombembeleza. Ukikoma tu, aliamka. Tangu cherehani ile iuzwe hajapata tena usingizi mtamu namna ile.

Akafunua shuka. Unyayo ulikuwa ukipanda na kushuka.

"Weka sindano chini," alimwambia nesi, kisha akaushika mguu taratibu. "Mama, unafanya nini?"

"Nashona," mama alijibu kwa haya. "Nikiogopa huwa nashona."

"Unashona nini?"

"Sare yako. Ile ya kwanza. Niliogopa haitaisha, na kesho yake shule inafunguliwa."

Karatasi ya pili ilitoka safi. Kizunguzungu, kumbe, ni cha mtu aliyeshinda bila kula kwa ubishi wake. Nesi akaondoka na sindano, akicheka chini kwa chini.

Daktari alivuta kiti, akalaza kichwa ukingoni mwa kitanda, akauachia mguu.

"Malizia, mama," alisema. "Nikisinzia, usikome."