Kadi Mbili za Nettie

Siku za kazi, ikifika saa mbili asubuhi, Lambert alikuwa ameshapanga karatasi zake kwenye kona yake ya Marshalltown, katikati ya Johannesburg, juu ya ubao uliolazwa kwenye kreti nne za bia. Kulia aliweka majarida ya mitindo na vitabu vya shule. Kushoto aliweka magazeti ya zamani, aliyoyapata kwenye nyumba za wazee waliofariki, ambako watoto wa marehemu walitaka gereji iwe tupu kabla ya Ijumaa ili nyumba iuzwe. Katikati vilikaa wembe, rula na miwani. Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 2017, alikuwa akikata katuni kutoka gazeti la mwaka 1958, polepole, kama mtu anayemkata mtoto kucha, kwa sababu mnunuzi wake alikuwa mtu wa kusumbua.

Mnunuzi huyo aliitwa Chris, Mkenya aliyefanya kazi benki huko Sandton. Kila Ijumaa alipanda treni ya kasi na suti yake, akashuka mjini, akaja kwa miguu. Kuna wanaokusanya stempu na kuna wanaokusanya madeni. Chris alikusanya katuni za magazeti ya zamani ambamo watoto wanakusanya kadi za besiboli. Katuni yenye watoto bila kadi hakuitaka. Yenye besiboli bila watoto hakuitaka pia. Lambert, ambaye hajawahi kuuona mchezo huo, na mwanzoni alidhani ni wanaume wanaofukuza nyoka kwa marungu, alijifunza yote aliyotakiwa kujifunza, maana mteja ni mteja.

Chris alimweleza kwamba kadi zilikuja ndani ya pakiti za chingamu. Mbele kulikuwa na sura ya mchezaji, nyuma maisha yake kwa mistari mitatu: amezaliwa wapi, amefanya nini, amepatwa na nini. Mtoto alikusanya mpaka seti itimie. Akipata kadi anayo tayari, ile ya pili haikuwa na kazi kwake, aliibadilisha kwa chochote.

Katuni aliyoipenda Chris kuliko zote ilimhusu msichana aitwaye Nettie, ambaye soksi zake zilikuwa zimeshuka siku zote na ambaye alikaa kwenye ngazi ya nyumba yao akifungua pakiti. Jumanne hiyo, katika kisanduku cha tatu, Nettie alikuwa ameshika kadi ya Placide.

Lambert alivaa miwani. Alikuwa Placide kweli, mume wa dada yake, na mwanya wake wa mbele, amevaa kofia, rungu begani. Katika kisanduku cha nne Nettie alikuwa ameigeuza kadi, na nyuma yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na maneno ya Kiswahili katikati ya gazeti zima la Kiingereza. Amezaliwa Bujumbura. Ndugu zake wawili, Régis na Pacifique, mafundi cherehani, walichukuliwa dukani asubuhi, futi zao za kupimia nguo zikiwa shingoni. Hawakuonekana tena. Lambert alikwaruza kwa ukucha aone kama kuna mtu amebandika kitu juu. Hakukuwa na kitu. Akamalizia kukata, maana ulikuwa umebaki upande mmoja.

Placide alizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na alikuwa na dada watatu, wote wazima. Alikuja Johannesburg mwaka 2016 na mkewe Falonne na watoto wawili, baada ya duka lake la vitenge kufilisika, na kufilisika hakumpatii mtu kibali cha ukimbizi. Waswahili wa mjini walikuwa na desturi ya kupita kwa Lambert kabla ya kwenda kuhojiwa ofisi ya wakimbizi. Waliketi kwenye kreti ya tano, nyuma ya ubao, wakasema maneno yao, naye akawaonyesha pa kutaja tarehe na pa kunyamaza. Mwenyewe alijihesabu kama fundi anayepunguza suruali ndefu. Suruali ilibaki ya mwenyewe.

Placide alipoketi kwenye kreti, maneno yake yalikuwa mepesi kama uji wa mgonjwa. Mahojiano yalikuwa Jumatatu. Falonne alisimama pembeni na mtoto mgongoni, akimtazama kaka yake, na Lambert akampa shemeji yake hadithi ya Méthode.

Méthode alikuwa Mrundi, fundi cherehani, aliyekaa chumba kimoja na Lambert kwa miezi minane. Hadithi ya ndugu zake aliisema mara moja tu, akiwa anapiga pasi, bila kuinua macho. Siku hizo alikuwa anakwenda Cape Town kwa mjomba wake, atafute makaratasi huko huko. Lambert aliona kwamba mtu wa Cape Town hatapungukiwa na kitu. Hadithi siyo shati, alijiambia, wawili wanaweza kuivaa siku moja. Tena damu nzito kuliko maji.

Mjomba wa Cape Town alihama, Méthode hakwenda. Mwezi wa tatu mwaka 2017 aliketi mbele ya afisa yule yule aliyemhoji Placide, akasema ya kwake. Afisa alimsikiliza mpaka alipofika kwenye futi, akafungua faili jingine, akamwambia kwamba hadithi hii anayo tayari. Aliandika kwamba mwombaji amenakili, na akampa mpaka mwezi wa tisa arudi na maelezo yake mwenyewe. Méthode alikwenda moja kwa moja kumweleza Lambert, wala hakuwa na hasira. Alikuwa akifikiri tu.

"Labda yaliwapata wengi, grand," alisema, akimwita kama mtu anavyomwita kaka mkubwa. "Labda na wao walikuwa mafundi."

Lambert alikubali kwamba huenda. Tangu siku hiyo hatia haikumtoka. Kulala alilala, maana mwili una yake, lakini kila asubuhi kabla hajafungua macho aliwakuta wale mafundi wawili wamemtangulia.

Mwezi wa sita, katika gazeti la mwaka 1959, Nettie alifungua pakiti nyingine akapata kadi ya Méthode. Kofia ile ile, rungu lile lile, na mgongoni maneno yale yale, mpaka futi. Mtoto wa jirani aliyekaa naye ngazini alimwambia kwamba hiyo anayo tayari. Nettie alishika kadi mbili, moja kila mkono, na kisanduku cha mwisho kikaisha hivyo.

Ijumaa Chris aliitazama kwa lenzi yake.

"Huyu si ni shemeji yako?"

Lambert alikubali. Chris akasema wa pili anamfahamu kwa sura, ni yule fundi wa kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani, na Lambert akakubali hilo pia. Chris alisikitika kidogo, kama mkusanyaji.

"Ziko mbili na mgongo ni mmoja," alisema. "Kwa sisi, mzee, ile ya kwanza kutoka ndiyo inahesabika. Hii ingine ni ya kubadilishana tu." Kisha akaomba isikunjwe.

Kwa wiki kadhaa, katika kila gazeti ambalo Lambert alilifungua, Nettie hakucheza. Wenzake walimpitia na marungu yao, mama yake alimwita chakula, mvua ilinyesha kwenye visanduku viwili mfululizo, naye yuko ngazini na kadi zake mbili, soksi zimelowa. Katikati ya mwezi wa nane, katika gazeti la mwaka 1961, alikuwa ameyainua macho akitazama nje ya karatasi. Kwenye kiputo chake cha maneno palikuwa pameandikwa: Lambert, ipi ni ya kweli? Chini yake kulikuwa na kiputo kingine, kitupu, mkia wake umetoka nje ya kisanduku ukashuka mpaka ukingoni, pale kilipokuwa kidole gumba cha Lambert.

Lambert alielewa anachoulizwa. Alielewa pia kwamba akiandika, ofisini kutakuwa na faili moja linalofungwa na jingine linalofunguliwa, kwa kuwa mambo ya karatasi huwa hivyo. Alichukua penseli. Aliandika Ya, akaacha nafasi, akaandika pi. Zilibaki herufi mbili.

Hapo Falonne akafika na bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, limefungwa kwa kitambaa, na mwanawe mkubwa amevaa sare ya shule. Mtoto alimsalimia mjomba wake kwa Kizulu, kwa sababu ndiyo lugha ya wenzake wa shuleni. Falonne alikuwa na furaha. Kibali chao kilikuwa kimeongezwa muda, na Placide alikuwa amepata kazi kwenye bohari moja Midrand, anaendesha mashine ya kupanga mizigo. Mtoto atabaki shule ile ile. Alisema yote hayo akimwekea kaka yake chakula, na alipomaliza alimshika mkono, jambo asilolifanya tangu wakiwa wadogo.

"Bila wewe, kaka, tungekuwa wapi?"

Lambert alikula sombe mpaka ikaisha. Walipoondoka alichukua kifutio akafuta Ya pi, polepole, karatasi isitoboke, akapuliza vumbi lake. Kisha akakata katuni, akaiweka kwenye bahasha.

Siku tisa kabla ya tarehe ya afisa, Méthode alikuja akaketi kwenye kreti ya tano. Alikuwa amejaribu kuisema hadithi yake kwa namna nyingine, kuanzia mwisho, au kuacha futi, lakini kila akiisema ilirudi kuwa ile ile. Pasipo kibali hakuna duka la kupanga wala akaunti, na polisi wakimkuta barabarani watampeleka mpakani.

"Nipe ingine, grand," alisema. "Wewe unazo zile zinapita."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na Lambert aliujua kama mtu anavyoijua nyumba yake. Maneno yalifika kwenye meno. Aliona aibu, aliona uso wa dada yake, aliona mtoto na sare yake, na meno yakabaki yamefungwa. Akampa ingine. Aliiunga kwa vipande vya watu waliokwishafariki na wengine waliohamia Australia: shamba lililonyang'anywa, baba aliyepigwa, gari la mizigo lenye turubai la bluu. Humo Méthode alikuwa mtoto wa pekee. Mtoto wa pekee ni rahisi, hana majina ya kuchanganya.

"Na Régis na Pacifique?"

"Waache kwanza."

"Niwaache wapi?"

Lambert alimwambia arudie sehemu ya shamba. Méthode aliirudia. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na siku ya nne tayari alikuwa akilia mahali panapotakiwa.

Afisa aliridhika, akaandika kwamba safari hii mwombaji amesema ya kwake. Méthode alitoka na kibali ndani ya mfuko wa plastiki, na kwa shukrani akaamua kumshonea Lambert shati. Alimsimamisha pale pale kando ya barabara, watu wakipita, akampima mabega, kifua, urefu wa mkono. Mwisho akamzungushia futi shingoni, akaweka kidole kimoja kati ya futi na ngozi, kola isije ikambana. Aliiacha hapo kwa muda akiandika namba. Lambert alisimama wima, akasubiri aitoe.

Wiki hiyo, katika gazeti la mwaka 1962, Nettie alimpa mtoto wa jirani kadi ya pili ya wale mafundi, akapewa gololi. Kisha akafungua pakiti mpya. Ndani kulikuwa na Méthode, mtoto wa pekee, na shamba na turubai mgongoni. Nettie alibandika kadi hiyo kwenye nafasi ya mwisho ya kitabu chake, akapandisha soksi, akaenda kucheza na wenzake. Chris alifurahi kwamba seti imetimia. Alichukua katuni zote kwenye boksi moja na hakuja tena Ijumaa, kwani alikuwa ameanza kukusanya ramani.

Mwezi wa kumi na moja kanisa lao lilifanya ibada ya kuwakumbuka marehemu, kama kila mwaka. Pasta Angélique ndiye aliyeandika barua za kanisa kwa waliokwenda kuhojiwa, na kwa majina ya waliokufa yaliyotajwa kwenye barua hizo alikuwa ametengeneza orodha yake ya marehemu, ili asimsahau mtu. Jina likisomwa, mwenye marehemu husimama, hulitaja yeye mwenyewe, na baada ya ibada watu hupanga foleni kumpa mkono. Lambert alikuwa amevaa shati jipya. Alikaa safu ya nne, Falonne kushoto kwake, na Méthode mbele yao.

Pasta Angélique alisoma Régis na Pacifique, mafundi. Placide akasimama, kwa kuwa asingesimama watu wangeuliza, na akasema kwa sauti ya kutosha: "Régis, ndugu yangu. Pacifique, ndugu yangu." Wamama walimwitikia kwa kulia, kama inavyostahili, na yeye mwenyewe machozi yalimtoka. Méthode alibaki amekaa. Mtoto wa pekee hana wa kusimamia. Kutoka nyuma Lambert aliona shingo yake tu.

Foleni ilipoanza, Méthode alisimama ndani yake kama wengine, na Lambert akajikuta nyuma yake, kwa sababu ndivyo safu zilivyotoka. Ilisogea taratibu. Ilipofika zamu yake, Méthode aliushika mkono wa Placide kwa mikono yote miwili, akampa pole. Kisha akainama karibu na sikio lake na kusema kwa sauti ya chini ambayo Lambert aliisikia yote.

"Mkubwa ni Pacifique. Mwakani anza na yeye."

Placide aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Méthode akasogea, na Lambert akapiga hatua mbele, akanyoosha mkono, akampa shemeji yake pole ya msiba.