Muhuri wa Nyapara

Iwakura aliponipigia simu kunialika Naruko, twende tukaoge maji ya moto ya chemchemi siku tano, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alidhani nimefurahi. Mimi nilikuwa nautaka muhuri wake.

Huyu alikuwa nyapara wangu kwa miaka ishirini na mitatu, kwenye kiwanda cha mabomba ya saruji. Saruji ile ilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, na mkataji wa mabomba nilikuwa mimi. Vumbi lilinijaa mpaka kwenye kope. Lakini sikuugua. Aliyeugua ni mke wangu Hatsue, ambaye hakukanyaga kiwandani hata siku moja. Yeye alikuwa akizikung'uta ovaroli zangu uani, kisha anazifua. Alikufa akivuta pumzi kama mtu anayenyonya mrija ulioziba.

Wakubwa wa kiwanda walisema nguo za kazi zilifuliwa kiwandani, na kanuni imeandikwa. Ofisi ya fidia ikawaamini, maana wao wana mafaili na mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano. Karani akaniambia nilete shahidi aliyekuwa na cheo, aseme kwa maandishi kwamba nguo tulikwenda nazo nyumbani, na agonge muhuri wa jina lake, ambao kwetu ndio sahihi ya mtu. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya juma hilo hilo la Naruko, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo faili la Hatsue lingefungwa, na kilichomuua kingebaki kimeandikwa kuwa hakijulikani.

Tulifika Jumanne. Nyumba ile ni ya wanaokuja kujiuguza, kila mtu anajipikia katika jiko la pamoja mwisho wa ukumbi. Katika chumba cha jirani alikuwamo Bi Kumagai, mkulima wa mpunga, anayekuja kila mwaka baada ya mavuno kuunyoosha mgongo wake. Alipotukuta tunagombania sufuria alituuliza nani kati yetu ndiye mke. Iwakura akamjibu kwamba mimi napika na yeye analalamika, kwa hiyo ajijibu mwenyewe. Wakacheka. Mimi nilikuwa naosha mchele.

Nilisubiri mpaka tulipoingia kuoga. Alikaa kwenye kigoda akanipa mgongo nimsugue, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye bafu la kiwanda. Mtu akikupa mgongo ni rahisi kumwambia jambo. Nikamwambia yote: karatasi iko kwenye mkoba wangu, nimeiandika mwenyewe wiki nzima, imebaki muhuri tu.

Hakugeuka. Alijimwagia maji, akasema, "Shige, ningegonga leo hii. Lakini muhuri nimeuacha nyumbani. Tukirudi Jumamosi, jambo la kwanza ni hilo."

Nilimwambia mwisho ni Ijumaa. Akasema ofisi huwa zinaongeza siku, nisiwe na pupa. Ofisi gani iliwahi kumwongezea siku mtu kama mimi, hakunitajia.

Jumatano akanipeleka bondeni kutazama majani mekundu. Alinisimamisha darajani akanipiga picha, akataka nitabasamu. Tukirudi nilimvuta kwenye duka la vifaa vya kuandikia, penye kile kisanduku cha kuzunguka chenye mihuri ya majina ya watu. Nilikizungusha mpaka nikaliona jina lake. Nikaunyanyua muhuri mbele ya uso wake.

Akautazama kama kinyesi. Jambo zito namna hii, akasema, muhuri wa kununua dukani? Wataona mzaha, watakutupia karatasi yako. Akaurudisha kishimoni mwake, akazungusha kisanduku ili usionekane tena. Kwenye kiwanda kile nilijifunza kunyamaza vizuri kuliko kukata mabomba. Kutwa nzima nikahesabu masaa.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunakula. Mleta vifurushi akaita mlangoni: mkwe wa Iwakura alikuwa amemtumia fulana za joto. Mleta vifurushi akanyoosha risiti akaomba muhuri. Na mkono wa Iwakura, bila yeye kuuambia, ukaingia kwenye kibegi cha kiunoni, ukatoa kimkoba cheusi, ukakifungua, ukausogeza muhuri mdomoni aupulize, ukagonga.

Mleta vifurushi akashukuru akaenda zake. Iwakura alibaki amesimama mlangoni na kimkoba mkononi. Supu yangu ilikuwa karibu na goti. Niliisogeza, kwa sababu niliogopa nitamrushia.

"Kaa chini, nyapara," nikamwambia.

Akakaa.

"Nani alikutuma unilete huku juma hili?"

Alizunguka kwanza. Kwamba nilikuwa nimekonda, kwamba alinihurumia. Nikamwuliza tena. Ndipo akasema kuwa mwezi wa nane alipigiwa simu na mkubwa mmoja wa kiwanda. Alimwulizia afya yake, akamsifu mwanawe ambaye sasa ni mkuu wa kitengo pale makao makuu, halafu akasema ingekuwa vyema Tadokoro, yaani mimi, apelekwe mahali apumzike, hasa juma hili la mwisho.

"Hakusema lolote baya," akasema Iwakura. "Wao huwa hawasemi."

Nikaichukua karatasi mkobani nikaiweka mezani katikati ya bakuli. Basi la kushuka stesheni lilikuwa moja tu kwa siku, la saa saba, na nisipolipata hilo, yote yameisha. Bi Kumagai aliingia na sahani ya achari ya figili, akatutazama mmoja mmoja, akaiweka sakafuni, akatoka bila utani.

Iwakura alisoma polepole, kidole juu ya kila mstari. Akafika mahali akasimama.

"Hapa umekosea."

"Nimekosea nini?"

"Umeandika wakubwa ndio walioamuru nguo ziende nyumbani. Hawakuamuru." Akavua miwani. "Mashine ya dobi iliharibika, wakaniuliza mimi: tununue nyingine, au nyapara una njia? Nikasema njia ipo, kila mtu afue zake, kina mama wapo. Walinisifu mbele ya watu wote. Niliipenda sana sifa ile."

Miaka yote ile nilikuwa nawalaani watu wa juu, ambao sura zao sizijui. Na huyu nilikuwa nimemsugua mgongo juzi.

"Na nguo zako wewe?" nikamwuliza.

"Nyapara hakati bomba, Shige. Zangu hazikuwa na vumbi."

Akaichukua kalamu yangu. Akakata mstari ule kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni kwa mkono wake mwenyewe: niliamuru mimi. Akaongeza mwaka, na majina ya waliosikia.

Sijui kwa nini nilimwuliza. "Na mwanao?"

"Mwanangu anapumua," akasema.

Akaupuliza muhuri. Akaugonga juu ya jina lake, na mara ya pili juu ya masahihisho, akakandamiza mpaka meza ikalia. Kisha akaanza kukunja godoro langu la sakafuni, kona kwa kona, kama mtumishi wa pale. Aliniuliza kama nitarudi kumalizia siku zilizobaki. Neno nililokuwa nalo lingemfurahisha au lingemuua, na sikutaka lolote kati ya hayo.

Basi lilikuja kwa wakati. Wino mwekundu wa muhuri ulikuwa bado haujakauka, kwa hiyo sikuikunja karatasi. Niliitandaza magotini, nikaishika kona mbili. Mwanamke mmoja akakaa kando yangu na vikapu vya uyoga. Basi lilipoanza kuteremka kwenye kona nikaona anaitupia jicho la wizi, halafu anaona aibu anageukia dirishani.

Nikaisogeza upande wake ili asome vizuri.