Mifuko Miwili ya Mchanga wa Barumbu

Pirogi ya Hugues, mtumbwi wa injini aliouendesha mwenyewe, ilikuwa imebakiza kona moja tu ya mto kufika Kisangani, ndipo askari wa kizuizi wakaiashiria ije ukingoni. Kabla hata injini haijazimwa, Karima aliikumbatia mifuko yake miwili.

Alikuwa mwanajiolojia, binti wa fundi cherehani wa mjini, na alikuwa akitoka Barumbu, ambako alivunja mawe ya jabali hadi yakawa mchanga. Mfuko mmoja ulikuwa wa tabaka la chini, wa pili wa tabaka la juu.

"Iko nini mu hii mifuko?" aliuliza mkuu wa kizuizi, ajida Germaine, mwanamke mrefu asiye na haraka.

"Mchanga tu, mama ajida."

"Mchanga tu, na unaikumbatia vile?" Akamgeukia askari wake. "Leta beseni. Mwaga yote pamoja, tutafute dhahabu."

Wiki ile ile dhahabu ya magendo ilikuwa imekamatwa mtoni, na amri zilikuwa kali. Karima alilijua hilo. Hata hivyo, askari alipokata kamba ya mfuko wa kwanza, alijitupa juu ya beseni, na mtutu wa bunduki ukamwelekea kifuani. Hugues akainua mikono.

"Chunguza, mama, sikatazi," Karima alisema. "Lakini usichanganye. Mu hii mchanga muko punje kidogo, zirkoni. Kila moja ilizaliwa mu mulima, na iko na umri yake ndani, kama mutu. Mvua ilikula ile milima, mito ikaleta punje huku. Kama mu tabaka ya juu muko punje changa, na chini hamuna, donc mulima mupya ulisimama katikati ya zile nyakati. Ukichanganya, sitajua tena."

"Mulima gani? Mimi naona pori na maji."

"Iliisha, mama. Zilibakia hizi punje."

Germaine alisogeza mfuko mmoja mbali na mwingine. Bunduki haikushuka.

"Bon. Mufuko moja moja. Osha wewe mwenyewe, mimi naangalia."

Karima akaanza na ule wa chini, akizungusha maji taratibu. Mchanga mweusi ulipotulia, kitone cha njano kikang'aa.

"Dhahabu!" askari akapaza sauti.

Germaine alikiinua kwa ncha ya kisu, akakiweka juu ya jiwe. "Ikisagika, si kitu. Ikilala bapa, ni dhahabu, na unabakia hapa."

Karima hakuwa na uhakika. Jiwe la pili likashuka. Kitone kikawa unga.

Akarudisha mchanga ule mfukoni mwake, akasuuza beseni mara kadhaa, akamwaga mfuko wa juu. Kitone kingine kikaonekana. Safari hii, jiwe lilipoinuliwa, kilikuwa kimelala bapa, kikimeta.

Hugues alianza kusali kwa Lingala, chini kwa chini. Germaine aliinama, akakikagua kile kitone kidogo kama yai la chawa, kisha akakifunga ndani ya karatasi.

"Hii inabakia, nitaandika rapport," alisema. "Lakini mutu wa magendo habebi punje moja. Chukua mchanga yako. Haraka, mbele nibadilishe mawazo."

Karima akarudisha na mchanga wa juu mfukoni mwake, akaufunga.

Miezi ilipita kabla maabara ya ng'ambo, alikotuma punje, haijajibu. Katika tabaka la chini, punje zote zilikuwa kongwe kabisa. Juu, nyingi zilikuwa changa zaidi kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kweli milima ilikuwa imeinuka kandokando ya bara la kale, na mchanga wake ukamiminika hadi Barumbu. Karima akaketi sakafuni, akacheka peke yake.

Kisha akampigia Hugues simu: bado kulikuwa na tabaka la katikati, nalo lilihitaji kuchukuliwa.

Hugues alikumbuka kile kizuizi. "Na njia ya moto, ya treni," aliuliza, "haifike kule?"